Kiwanda kikihamisha kazi ng'ambo: jinsi ya kudai msaada wa serikali Marekani

Kiwanda kinapotangaza kwamba kazi inahamia Mexico au Asia, maswali ya wafanyakazi huwa yale yale. Ile pesa ya TAA bado ipo? Nianzie ofisi gani? Nisubiri hadi siku ya mwisho? Nikiingia shule nitapoteza malipo ya kila wiki? Majibu yako hapa, yamepangwa kwa mfuatano wa kuyafanyia kazi. Wengi hawakosi haki zao kwa kuwa hawastahili. Wanazikosa kwa kuchelewa, au kwa kuanza na lile lililopaswa kuja baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefanya kazi Marekani kwa kibali halali. Kila jimbo lina sheria zake za mafao, kwa hiyo tumetaja tofauti pale zinapoweza kukuumiza.

Kwanza, hii habari ya TAA

Trade Adjustment Assistance, maarufu kwa herufi TAA, ulikuwa mpango wa serikali kuu kwa watu waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje au kazi kuhamishiwa nchi nyingine. Ulianza mwaka 1962, ukapangwa upya na Sheria ya Biashara ya 1974. Wafanyakazi 3 tu walitosha kupeleka ombi. Kundi likithibitishwa, mtu alilipiwa mafunzo, na malipo ya kila wiki, ukijumlisha na mafao ya kawaida, yaliweza kufika wiki 130. Ndiyo maana waliokaa kiwandani miaka mingi bado wanaizungumzia.

Muda wa mpango huo kisheria uliisha, na tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi haipokei maombi mapya wala haitoi uamuzi kwa yale yaliyokuwa yamebaki. Kama uliachishwa kazi kufikia tarehe 30 Juni 2022 na kundi lako lilikuwa limethibitishwa, iulize ofisi ya TAA ya jimbo lako kama kuna haki iliyobaki. Kama kazi imeisha baada ya hapo, mlango huo umefungwa. Mtu anayetaka umlipe ili akujazie ombi jipya la TAA anakuibia.

Hata hivyo, tunza kila karatasi inayoonyesha kwamba kazi yako imepelekwa nje: tangazo la kampuni, barua, picha ya ubao wa matangazo. Bunge la Congress limewahi kuufufua mpango huu ukiwa umekatika, mwaka 2011 na 2015, na mara zote mbili waliopoteza kazi katikati walifikiriwa.

Kinachofanya kazi sasa ni mafao ya ukosefu wa ajira ya jimbo pamoja na mpango wa wafanyakazi walioachishwa kazi chini ya sheria ya WIOA ya mwaka 2014. Hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Vitu vya kuandaa

Viweke vyote kwenye bahasha moja, na upige picha kila kimoja kwa simu.

- Barua ya kuachishwa kazi au tangazo la kufungwa kwa kiwanda. Kama ulipewa taarifa kwa mdomo tu, iombe kwa maandishi kabla ofisi ya utumishi haijafungwa.
- Kadi ya Social Security, kitambulisho cha jimbo au leseni ya udereva.
- Green card au kibali cha kazi, pande zote mbili. Kibali kikikaribia kuisha, anza kukihuisha sasa. Kikiisha katikati, malipo husimama.
- Orodha ya waajiri wote wa miezi 18 iliyopita: jina la mwajiri kama lilivyoandikwa kwenye W-2, anwani, simu, siku uliyoanza na siku ya mwisho uliyofanya kazi.
- Hati za mshahara. Namba ya akaunti ya benki na namba ya benki yenyewe.
- Barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe, si ya mtoto wala ya jirani.
- Kwa wanaume: uthibitisho wa Selective Service. Ufafanuzi uko kwenye hatua ya 7.
- Daftari. Kila simu utakayopiga, andika tarehe, saa, jina la aliyekuhudumia na alichokuambia.

Kama uliingia kiwandani kupitia wakala wa ajira, mwajiri wako kisheria ni huyo wakala, hata kama ulisimama kwenye mashine ile ile kwa miaka 4. Jina lake ndilo la kuandika kwenye dai. Zaidi ya hapo, majimbo mengi yanakutaka umpigie wakala kuomba kazi nyingine mara tu kazi inapoisha. Usipofanya hivyo, unahesabiwa kuwa umeacha kazi mwenyewe. Piga, kisha tuma na ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Hatua kwa hatua

1. Soma tangazo na uhesabu siku. Sheria ya serikali kuu iitwayo WARN inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kufunga kituo ambacho watu 50 au zaidi watapoteza kazi. Siku za mapumziko nazo zinahesabiwa. New York inataka siku 90. New Jersey pia ni siku 90, na huko mwajiri mwenye watu 100 anayeondoa 50 au zaidi anatakiwa kulipa mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka wa kazi.

Taarifa ikija imechelewa, mwajiri anaweza kudaiwa mshahara na marupurupu ya siku zilizopungua, hadi 60. Wizara ya Kazi haifuatilii madai haya, yanapelekwa mahakamani. Ongea na chama cha wafanyakazi au wakili wa msaada wa kisheria, na muende kama kundi.

2. Nenda kituo cha ajira kabla ya siku ya mwisho. Vituo hivi vinaitwa American Job Center, viko zaidi ya 2,000 nchi nzima, na huduma zake ni za bure. Cha karibu utakipata kwa kupiga 1-877-872-5627 au kwenye tovuti ya CareerOneStop. Huna haja ya kungoja uwe bila kazi: kiwanda kikishatangaza kufungwa ndani ya siku 180, tayari unaweza kuanza kuhudumiwa.

Jimbo likipata taarifa ya WARN, hutuma timu ya Rapid Response kiwandani kueleza mafao, mafunzo na bima ya afya. Wakija, hudhuria. Wasipokuja, mwambie mwakilishi wa wafanyakazi awapigie. Omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla. Mkalimani ni haki yako na humlipi. Usimtumie mtoto kutafsiri mambo haya. Neno moja likikosewa linaweza kukugharimu miezi, kama utakavyoona kwenye hatua ya 4.

3. Usiweke sahihi kwenye karatasi za kiinua mgongo siku hiyo hiyo. Mara nyingi karatasi hizo zinasema kwamba ukipokea pesa hutamshtaki mwajiri kwa jambo lolote, hata lile la WARN. Aliyefika miaka 40 anapoachishwa pamoja na kundi, sheria inamtaka mwajiri ampe siku 45 za kufikiri na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini, kama karatasi inamfuta haki ya kudai ubaguzi wa umri. Omba nakala, ipeleke kwa wakili. Katika baadhi ya majimbo kiinua mgongo huchelewesha mafao ya kila wiki, kwa hiyo kitaje kwenye dai. Kukificha huleta deni baadaye.

4. Fungua dai la mafao wiki ile ile kazi inapoisha. Dai linafunguliwa kwenye jimbo ulilofanyia kazi, si unaloishi. Usingoje pesa ya kiinua mgongo iishe, wala usingoje upumzike kwanza. Kwa kawaida dai huanza kuhesabiwa wiki uliyolifungua, na wiki ulizokaa kimya huwa zimepotea.

Mafao haya ni bima. Waajiri ndio wanaoilipia kwa kodi, na majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, humkata na mfanyakazi. Umeyafanyia kazi, usione aibu.

Sasa sikiliza vizuri, maana Waswahili wengi hukwama hapa. Ukiulizwa kwa nini huna kazi, usiseme "nilifukuzwa". Kwetu neno hilo hutumika kwa kila aliyeondolewa, lakini mkalimani atalitafsiri "fired", yaani uliondolewa kwa kosa lako, na faili lako litapelekwa kuchunguzwa. Usiseme pia "niliacha kazi". Hilo litakuwa "quit", na aliyeacha mwenyewe mara nyingi hapati kitu. Sema: "Kazi imeisha, kiwanda kimefungwa, kazi imepelekwa nje." Kwenye fomu, tafuta na uchague "laid off" au "lack of work".

Kiasi utakachopata kwa kawaida kinakaribia nusu ya mshahara wako, hadi kikomo cha jimbo. Muda wa juu katika majimbo mengi ni wiki 26, ingawa Florida na North Carolina unaweza kushuka hadi 12. Hesabu hutumia robo 4 za mwanzo kati ya robo 5 za mwaka zilizokamilika mwisho (robo moja ni miezi mitatu). Ukifungua dai mwezi Mei, kwa mfano, mishahara inayopimwa ni ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Kama ulianza kazi karibuni na umeambiwa mishahara haitoshi, uliza kama jimbo lina kipindi mbadala cha hesabu, mengi yanacho.

Mafao hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Unaweza kuomba wakate asilimia 10 moja kwa moja. Fanya hivyo, la sivyo mwaka unaofuata utapokea fomu 1099-G na deni.

5. Thibitisha kila wiki, hata kama hujalipwa bado. Kufungua dai ni mwanzo tu. Kila wiki, au kila wiki mbili kutegemea jimbo, unajibu maswali: ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? Ulikuwa tayari kuanza? Ulitafuta kazi wapi? Ulipata pesa yoyote? Endelea kujibu hata faili likiwa bado linachunguzwa, kwa sababu likipitishwa utalipwa tu zile wiki ulizothibitisha.

Kosa kubwa hapa ni kwenye kazi ndogo ndogo. Tuseme umefanya saa 12 kwa dola 15. Unaandika dola 180, mshahara kabla ya makato, na unaziandika kwenye wiki uliyofanya kazi. Hundi itakuja wiki mbili baadaye ikiwa na dola 150 na kitu. Ukiandika hizo, na kwenye wiki ya hundi, kompyuta ya jimbo italinganisha na taarifa za mwajiri na kukuona mdanganyifu.

Katika daftari andika kila sehemu uliyoomba kazi: tarehe, jina la kampuni, kazi gani, ulipeleka ombi kwa njia gani. Ofisi inaweza kuidai orodha hiyo wakati wowote.

6. Okoa bima ya afya ndani ya siku 60. Uliza ofisi ya utumishi bima ya kiwanda inaisha lini hasa. Wengine huikata usiku wa siku ya mwisho, wengine mwisho wa mwezi. Sheria ya serikali kuu iitwayo COBRA inakuruhusu kubaki kwenye bima hiyo kwa kawaida hadi miezi 18, lakini unalipa mwenyewe hadi asilimia 102 ya gharama yote, na familia nyingi haziimudu. Na kuna jambo watu hawaambiwi: kampuni ikifa kabisa na kufuta mpango wake wote wa bima, COBRA haipo tena.

Njia ya pili ni soko la bima, HealthCare.gov au la jimbo lako. Kupoteza bima ya kazi kunakufungulia dirisha la siku 60 la kujiandikisha bila kungoja msimu. Ombi hilo hilo litaonyesha kama watoto wanastahili Medicaid au CHIP, yaani bima za serikali.

7. Jiandikishe kama "dislocated worker". Maana yake ni mfanyakazi aliyepoteza kazi bila kosa lake. Rudi kituo cha ajira na utaje maneno hayo mawili. Ukisema tu "natafuta kazi", utaonyeshwa kompyuta na kuachwa hapo. Ukisema wewe ni "dislocated worker" ambaye kiwanda chake kimefungwa, utapangiwa mshauri, na mshauri ndiye anayefungua fedha za mafunzo.

Wanaume wataulizwa kuhusu Selective Service, orodha ya serikali ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Mwanaume aliyeishi Marekani akiwa na umri kati ya 18 na 25 alitakiwa kujiandikisha, mkimbizi na mwenye green card pia. Kama uliingia nchini ukiwa umeshatimiza 26, hukuhitajika. Leta hati inayoonyesha tarehe ya kuingia. Kama ulipaswa kujiandikisha na hukufanya, na umri umepita, andika maelezo ya kwa nini. Kituo ndicho kinachoamua kama ulikusudia, na kutojua kwa mtu aliyekuwa mgeni ni jambo wanaloweza kulipokea.

8. Chagua mafunzo, lakini usilipe wala kuanza kabla ya idhini. WIOA hulipia kozi kupitia akaunti ya mafunzo, kwa shule zilizo kwenye orodha ya jimbo tu. Kiwango cha juu kinawekwa na bodi ya eneo lako. Uliza ni kiasi gani, na uulize kama fedha za mwaka huu bado zipo. Udereva wa malori, uchomeleaji, matengenezo ya mashine na uuguzi msaidizi ni kozi zinazopatikana karibu kila mahali. Mtu aliyezoea mashine kiwandani hufaa sana kwenye matengenezo, na mara nyingi kazi hiyo hulipa zaidi ya ile aliyoipoteza.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, ukijiandikisha shule kivyako na kulipa karo, WIOA kwa kawaida hairudishi pesa hiyo. La pili ni zito zaidi: ukianza masomo ya mchana bila idhini, ofisi ya mafao inaweza kusema hauko tayari kufanya kazi na kusimamisha malipo. Ila mafunzo yakiidhinishwa, sheria ya serikali kuu inakataza jimbo kukunyima mafao kwa sababu uko darasani au kwa sababu hutafuti kazi. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya darasa, pata idhini hiyo kwa maandishi kutoka ofisi ya mafao. Neno la mshauri peke yake halitoshi.

Kiingereza kikiwa kikwazo, omba madarasa ya bure ya watu wazima, hasa yale yanayofundisha lugha na ufundi kwa pamoja. Jaza pia FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, kwa ajili ya Pell Grant, msaada usiorudishwa. Fomu hiyo inaangalia mapato ya zamani, ulipokuwa bado na kazi, kwa hiyo peleka barua ya kuachishwa kazi kwenye ofisi ya misaada ya chuo na uombe wahesabu upya.

Kuna njia nyingine inayosahaulika: mafunzo ukiwa kazini. Mwajiri mpya anakuajiri na kukufundisha, na mpango unamrudishia sehemu ya mshahara wako, mara nyingi nusu. Kwa mwenye watoto asiyeweza kukaa darasani miezi 6, njia hii ndiyo bora.

9. Usiivunje 401(k), ile akiba yako ya kustaafu ya kazini. Ukichukua pesa kabla ya miaka 59½ utalipa kodi na faini ya asilimia 10. Faini, si kodi, huondolewa kama umeacha kazi mwaka uliotimiza 55 au baadaye. Omba ihamishwe moja kwa moja kwenye akaunti ya IRA, akiba ya kustaafu unayoifungua mwenyewe. Hundi ikiandikwa kwa jina lako, asilimia 20 inakatwa papo hapo.

Mambo yakikwama

*Dai limekataliwa.* Soma tarehe juu ya barua. Muda wa rufaa ni mfupi: Texas siku 14, California na New York siku 30. Rufaa yenyewe ni sentensi mbili: "Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani. Kazi yangu iliisha kwa sababu kiwanda kilifungwa." Itume kwanza, ushahidi utafuata. Endelea kuthibitisha kila wiki huku ukingoja.

*Utambulisho hautambuliki.* Mara nyingi majina yamegeuzwa, au tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya uhamiaji si ile ya Social Security. Jaza jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi. Mfumo wa simu ukigoma, usijaribu mara kumi, utafungiwa. Nenda kituo cha ajira na hati zako halisi.

*Faili linasema "pending", yaani linasubiri, wiki nyingi.* Kwa kawaida kuna swali moja halijajibiwa, na liko kwenye akaunti yako ya mtandaoni au kwenye barua uliyodhani ni tangazo. Fungua barua zote. Ukikosa kabisa jibu, ofisi ya mwakilishi wako wa jimbo huwa na mtu wa kufuatilia mambo haya, na kumpigia ni bure.

*Umeambiwa ulilipwa zaidi.* Usikae kimya. Kama hukukosea kwa kukusudia, kata rufaa na uombe pia kusamehewa deni. Katika majimbo mengi hayo ni maombi mawili tofauti, na watu hupeleka moja wakidhani limetosha.

*Mwajiri ameandika sababu nyingine.* Tangazo la WARN ndilo jibu lako. Majimbo mengi huyaweka matangazo hayo mtandaoni. Chapisha lenye jina la kiwanda chako na tarehe, uliambatishe.

*Kituo kinasema fedha za mafunzo zimeisha.* Uliza mwaka mpya wa bajeti unaanza lini, kwa kawaida tarehe 1 Julai, na uombe jina lako liwekwe kwenye orodha kwa maandishi. Uliza pia kama bodi ya kaunti jirani inaweza kukupokea.

*Wanasema hakuna mkalimani.* Sema unahitaji huduma ya tafsiri kwa simu. Ofisi hizi huwa nayo. Wakikataa, andika jina na saa kwenye daftari, kisha mwombe msimamizi fomu ya malalamiko ya haki sawa. Kama kukosa mkalimani ndiko kulikokuchelewesha kukata rufaa, litaje hilo kwenye rufaa yenyewe kama sababu ya kuchelewa.